Ukuta Unaotoka Jasho: Maji ya Mvua na Nyumba za Mawe za Mji wa Kale, Mombasa

Nyumba ya shangazi yangu iko kwenye kichochoro kinachotoka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, na ukuta wake wa sebuleni hulowa mwezi wa Januari. Nautaja mwezi huo makusudi, kwa kuwa Januari ni wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na mvua ya mwisho ya vuli ikiwa imekwisha sahaulika. Mafundi watatu walioitwa kwa nyakati mbalimbali walitoa majibu matatu: wa kwanza alisema bomba limepasuka, wa pili alisema paa linavuja, na wa tatu akasema plasta ya zamani imechoka, ibanduliwe ipigwe ya simiti. Ushauri wa tatu ndio uliofuatwa, kwa sababu ndio ulioahidi kazi ya siku mbili. Baada ya masika mawili plasta ile mpya ilikuwa imefura kama andazi, na unyevu uliokuwa ukiishia magotini ulikuwa umefika kifuani. “Mwanangu, ukuta huu unatoka jasho,” aliniambia shangazi, akiusugua kwa kiganja na kunionyesha unga mweupe uliobaki mkononi. Nimekuja kuona baadaye kwamba maneno yake yalikuwa karibu na ukweli kuliko ya wale mafundi.

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na miamba ya bahari, pamoja na ile ya kale iliyobaki nchi kavu bahari iliporudi nyuma. Huwa nene, mara nyingi nusu mita au zaidi, lakini unene huo si wa jiwe moja: kuna nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati yake kiini cha vipande vidogo na vifusi vilivyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo juu ya magogo, joto likifika karibu digrii 900, kisha kilichopatikana kikaloweshwa maji na kuachwa kiive kwa wiki kadhaa au miezi kabla ya kuchanganywa na mchanga. Ikishapigwa ukutani, chokaa huvuta polepole gesi ya kaboni dayoksaidi kutoka hewani, na kwa kufanya hivyo hurudi kuwa kitu kile kile ilichokuwa kabla ya kutiwa motoni. Jiwe na chokaa inayolishika ni ndugu wa tumbo moja: vyote viwili vina vinyweleo, vyote hunywa maji, na vyote huyatoa.

Anayetaka kuielewa tabia hiyo na aufikirie mtungi wa maji, ule wa udongo, si huu wa plastiki wa lita 20. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya kwenye kuta zake, yakafika nje na kukauka kwa upepo, na kukauka huko ndiko kunakochukua joto. Ukiupaka mtungi huo rangi ya mafuta hautatoka jasho tena, wala hautapoza, na maji yaliyokwisha kuingia kwenye udongo wake yatabaki humo. Ukuta wa matumbawe ni mtungi wa namna hiyo. Waliojenga hawakukusudia kuyazuia maji yasiingie hata tone. Walikusudia yaingie machache, yasikae, na yatoke upande wowote utakaopata upepo. Mambo mengi yanayoharibika leo katika Mji wa Kale huanzia pale ambapo mojawapo ya masharti hayo matatu limevunjwa, na kwa maoni yangu sharti la kutoka ndilo linalovunjwa mara nyingi zaidi, tena na watu wenye nia njema.

Saruji haina ubaya wowote mahali pake. Nyumba ya matofali ya saruji hupigwa plasta ya saruji na hukaa salama. Tatizo huja inapowekwa juu ya jiwe laini linalohitaji kutoa unyevu, kwa sababu plasta ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi mvuke kwa urahisi. Ukuta wa zamani hutikisika kidogo kila mwaka kwa joto na baridi, kwa kulowa na kukauka. Chokaa hukubali mtikisiko huo, ilhali saruji hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inayopigwa na upepo wa kusi huingia kwenye nyufa hizo kwa urahisi, lakini haiwezi kutokea hapo hapo, kwani ufa ni mwembamba na sehemu kubwa iliyobaki imezibwa. Maji hutafuta njia nyingine: hupanda juu zaidi, au hutokea upande wa ndani, sebuleni. Ndiyo maana unyevu wa nyumba ya shangazi ulihama kutoka magotini hadi kifuani. Methali inatuhimiza tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, nayo ni methali ya kweli, ila haikutaja tuuzibe kwa kitu gani.

Hapa ndipo chumvi inapoingia, na ndiyo inayolifumbua fumbo la Januari. Mawe ya baharini huwa na chumvi tangu mwanzo, na mafundi wa zamani walilijua jambo hilo. Waliyaacha matumbawe juani na mvuani kwa muda mrefu ili yaoshwe kabla ya kutumiwa. Chumvi nyingine huletwa na upepo wa bahari, nyingine hupanda na maji ya ardhini, na nyingine, lazima isemwe, huletwa na mchanga wa pwani unaochotwa na kuchanganywa kwenye plasta bila kuoshwa. Maji yanaposafiri ndani ya ukuta huibeba chumvi hiyo, na yanapokauka huiacha pale yalipokaukia. Ikiwa maji hukaukia kwenye uso wa plasta ya chokaa, chumvi huota nje kama unga mweupe ambao mtu anaweza kuufagia. Ikiwa uso umezibwa, hukaukia nyuma ya plasta, ndani ya vinyweleo vya jiwe, na huko punje za chumvi hukua na kusukuma kuta za vinyweleo hivyo mpaka jiwe linamung'unyika. Ukigonga plasta ya namna hiyo kwa kifundo cha kidole utasikia sauti tupu, kwa kuwa nyuma yake hakuna tena jiwe bali kuna mchanga.

Chumvi iliyojaa ukutani pia huvuta maji kutoka hewani bila kusubiri mvua. Chumvi ya kawaida huanza kulowa pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na katika mji wetu kiwango hicho hufikiwa usiku na alfajiri katika siku nyingi za mwaka. Kila mpishi wa pwani anaijua habari hii, maana ndiyo inayomfanya atie punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi. Kwa hiyo ukuta uliokunywa maji ya masika kwa miaka mingi, ukabaki na chumvi yake, huendelea kulowa na kukauka hata mvua isiponyesha, na kila duru ya kulowa na kukauka huimega sehemu ndogo ya jiwe. Unyevu wa Januari nyumbani kwa shangazi haukutoka kwenye bomba lililopasuka. Kulikuwa na akiba ya chumvi iliyofungiwa nyuma ya simiti.

Lakini maji yaliyoibeba chumvi hiyo yalitoka wapi? Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa yake hushuka wakati wa masika, Mei ukiwa ndio mwezi mzito zaidi. Mchoo wa katikati ya mwaka na vuli za Oktoba na Novemba huongeza kilichobaki. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua basi nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ambayo si kubwa kwa mizani ya Mji wa Kale, na mvua ya usiku mmoja ya milimita 50, ambayo si ngeni mwezi wa Mei: paa hilo limekusanya lita 5,000. Hiyo ni mitungi 250 ya wauza maji wanaosukuma mikokoteni. Mvua ikiwa imetawanyika juu ya mji mzima, ukuta haupati taabu. Taabu huanza paa linapoikusanya mitungi hiyo yote na kuimwaga mahali pamoja, kwa kuwa mfereji wa bati umetoboka kwenye kona au bomba la kuteremsha maji limekatika karibu na dirisha la juu.

Katika nyumba za zamani zaidi paa lilikuwa sakafu, yaani tabaka nene la vipande vya matumbawe na chokaa lililolazwa juu ya boriti, likashindiliwa siku nyingi na kupewa mteremko mdogo kuelekea kwenye milizamu. Mlizamu ulitokeza mbali na ukuta ili maji yaanguke kichochoroni bila kuugusa. Baadaye nyumba nyingi ziliezekwa mabati yenye mteremko, mara nyingine juu ya sakafu ile ile, na mabati yana faida zake: hayahitaji kushindiliwa, na maji huyakimbia. Hata hivyo, hewa ya chumvi huyala haraka, hasa yale ya geji nyembamba, na kutu huanzia kwenye matundu ya misumari, mahali ambapo mtu aliyesimama chini hawezi kupaona. Mabaya zaidi ni mahali mapaa mawili ya nyumba za jirani yanapokutana. Pale huwekwa mfereji mmoja juu ya ukuta wa ubia, na mfereji huo hupokea maji ya nyumba mbili pamoja na majani, mifuko ya plastiki na viota vya kunguru. Ukiziba, maji hayamwagiki nje. Hujaa kama birika na kuingia moja kwa moja kwenye kiini cha ukuta.

Nani ausafishe? Swali hili si la kiufundi, lakini nadhani limeangusha plasta nyingi kuliko upepo wa kusi. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi kumi na tano, wengine wakiwa Mombasa, wengine Muscat, wengine London. Nyingine ni za wakfu. Nyingine zina wapangaji wa miaka thelathini wanaolipa kodi ndogo kiasi kwamba mwenye nyumba haoni sababu ya kupanda ngazi, na mpangaji haoni sababu ya kutengeneza kisicho chake. Mfereji wa ubia huwa mali ya wote mpaka siku unapoziba.

Upande wa chini una shida zake, nazo hazionekani upesi. Vichochoro vimewekwa lami, kisha saruji, kisha kabro, kila tabaka juu ya lile lililotangulia, na matokeo yake ni kwamba baadhi ya nyumba ambazo zamani mtu alipanda kidato kuingia sasa huingiwa kwa kushuka. Maji ya kichochoro ambayo yangeelekea katikati huelekea kwenye kizingiti. Ardhi iliyofunikwa hainywi maji tena wala haitoi mvuke, hivyo unyevu ulio chini yake hauna mahali pa kutokea isipokuwa kwenye kuta, ambamo hupanda kwa nguvu ile ile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kandili. Mpando wa namna hiyo kwa kawaida huishia karibu mita moja, nao huacha mstari wa kahawia unaofuata ukuta kwa usawa. Mstari ulionyooka ni dalili ya maji ya chini. Doa la umbo la ulimi linaloning'inia kutoka juu ni dalili ya mfereji au bomba. Doa la duara katikati ya ukuta, chini ya dirisha, mara nyingi ni maji ya kiyoyozi cha jirani. Usomaji huo wa madoa hauhitaji chombo chochote, na hufanywa vizuri zaidi kwa kutoka nje na mwavuli mvua ikiwa inanyesha kweli kweli, jambo ambalo mafundi wachache hulifanya kwa kuwa siku hiyo huwa hawaji kazini.

Ndani ya ukuta kuna kitu kimoja zaidi ambacho maji hukidhuru kimyakimya, nacho ni vichwa vya boriti. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Mkoko ni mti mgumu na ukikaa pakavu hudumu vizazi. Lakini kila boriti imezikwa ukutani kwa ncha zake mbili, na ukuta ukilowa muda mrefu ncha hizo huoza, kisha mchwa huja kumalizia. Mtu aliyelala chini ya dari hiyo ataiona boriti nzima, nyeusi na imara, asijue kwamba sehemu inayoishikilia, iliyo ndani ya jiwe, imekuwa unga. Wanaoweka matangi ya maji ya lita 1,000 juu ya dari za zamani wakumbuke kwamba wamepandisha tani moja.

Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, hutusaidia kuliona jambo hili kwa ukubwa. Upande wa bahari umejengewa kinga dhidi ya mawimbi, lakini hayo ni maji ya aina nyingine na mjadala wake ni mwingine. Kwa upande wa mvua, tofauti ya ngome na nyumba ni kwamba kuta zake hazikufunikwa na paa lolote, kwa hiyo kilele cha ukuta ndicho paa lake. Kilele kikipasuka, mvua huteremka kwenye kiini na kuibeba chokaa iliyolegea, kwani maji ya mvua yana asidi kidogo na huyeyusha chokaa polepole. Kiini kikibaki na mashimo, uso wa nje hutoa tumbo. Kisha ndege huangusha mbegu za miti ya jamii ya mkuyu kwenye nyufa hizo. Mche wa urefu wa shubiri unaweza kung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa miaka mitano, mizizi yake huwa imekumbatia mawe kwa namna ambayo kuung'oa ni kuubomoa ukuta, na hapo hulazimika kukatwa na kuuliwa taratibu.

Kutokana na hayo yote, kazi ya kuokoa jengo la mawe ina mpangilio wake, na mpangilio huo ni muhimu kuliko bei ya vifaa. Huanzia juu: mabati, mifereji, mabomba. Hufuata chini: kuhakikisha maji yanayoshuka yanachukuliwa mbali na msingi, na kwamba kichochoro kina mteremko unaokimbia nyumba. Ukuta wenyewe hushughulikiwa mwisho, na hapo pia kwanza kwa kuondoa, si kwa kuongeza. Saruji hubanduliwa kwa patasi ndogo na kwa subira, kwa sababu nyundo nzito hung'oa jiwe pamoja nayo, na kisha ukuta huachwa uchi ukauke. Makadirio ya kawaida ni sentimita mbili au tatu za unene kwa mwezi, maana yake ukuta wa nusu mita unaweza kuhitaji takriban mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Hakuna mpangaji anayelifurahia jambo hilo, wala fundi anayelipwa kwa siku asiyeshawishika kulifupisha.

Plasta mpya ya chokaa hupigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita moja hivi, kwa mchanga uliooshwa chumvi, na hutundikiwa magunia mabichi ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Juu yake hupakwa chokaa ya maji, si rangi ya plastiki, na kupaka huko hurudiwa kila baada ya miaka michache. Plasta hiyo italiwa na chumvi. Imewekwa pale ili iliwe badala ya jiwe, na kuibandua na kuipiga upya baada ya miaka kadhaa ni sehemu ya kazi, si ushahidi kwamba fundi alikosea. Dawa za kupulizia zinazouzwa madukani kwa ahadi ya kuzuia maji kabisa sizishauri kwa ukuta wa matumbawe, kwa sababu ile ile iliyotufanya tuiondoe saruji.

Mwenye nyumba ndani ya eneo la hifadhi ya Mji wa Kale anapaswa pia kufika kwenye ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kugusa chochote, kama Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inavyolinda majengo ya aina hii. Watu wengi huiona safari hiyo kuwa usumbufu. Kwangu faida yake kubwa ni kwamba huko mtu huweza kuelekezwa kwa mafundi wachache waliobaki wanaoijua chokaa.

Nyumbani kwa shangazi tulianza juu, mwezi wa Januari. Kwenye mfereji wa ubia zilitoka ndoo nne za uchafu, ndani yake ndala moja ya mtoto na kiota kilichosukwa kwa nyaya za umeme. Bomba la kuteremsha maji lilikuwa limekatika nyuma ya roshani, na kwa miaka isiyojulikana lilikuwa likimwaga maji ya paa zima kwenye ukuta wa sebule. Liliongezwa vipande viwili na kiwiko kimoja. Simiti ilibanduliwa Februari. Sasa sebule ina ukuta wa mawe mekundu na meupe yasiyovikwa kitu, na kila asubuhi shangazi hufagia chini yake unga wa chumvi unaojaa nusu ya kijiko cha chai. Mwanzoni ulikuwa ukijaa kikombe.